Pambo Dogo la Karatasi: Tahakiki ya Sanaa Isiyohesabiwa

Tunapotaja sanaa za mikono za taifa letu, aghalabu fikra zetu hukimbilia mpingo. Twakumbuka vinyago vya Wamakonde, kisha twataja mitungi, mikeka, vikapu na picha za mtindo wa Tingatinga. Ni nadra kumsikia mtu akitaja kofia ya karatasi yenye upana wa kifungo cha koti, iliyovishwa kichwa cha kisanamu cha udongo. Wala mwavuli uliokunjwa kwa ukurasa wa daftari. Wala kikapu kilichosukwa kwa vipande vya gazeti. Hata hivyo vitu hivi vimo miongoni mwetu. Watoto huvitengeneza barazani ili kuwapamba wanasesere wao wa matambara, wanafunzi huvitengeneza katika vipindi vya sanaa, na walimu wa madarasa ya chini huvitumia kuwa zana za kufundishia. Kila mwaka vyatengenezwa, na kila mwaka vyatupwa.

Makala haya yanakusudia kuitazama sanaa hiyo ndogo kwa jicho la uhakiki. Hayatafuti kuisifu kwa kuwa ni ya watoto, maana sifa ya namna hiyo ni dharau iliyovaa tabasamu. Yanauliza maswali mawili. La kwanza: ni kwa vigezo gani twaweza kusema kwamba pambo hili la karatasi ni zuri na lile ni baya? La pili: je, kitu kilichoumbwa kwa malighafi dhaifu kama karatasi chastahili kuhesabiwa katika hazina ya utamaduni wa taifa?

Nakiri tangu mwanzo kwamba naandika nikiwa na deni. Niliwahi kuitwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu katika maonyesho ya kazi za mikono ya shule moja ya sekondari. Juu ya meza ya mwisho, karibu na dirisha, palikuwa na visanamu viwili vya udongo uliokaushwa juani, kila kimoja chenye kimo cha sentimita 15 hivi. Cha kwanza kilikuwa bwana wa ofisini: koti la karatasi, tai, miwani na mkoba, na kila mkunjo umenyooka kana kwamba umepigwa pasi. Cha pili kilikuwa muuza kahawa wa mitaani, amevaa kofia iliyotobolewa kwa sindano, mkono mmoja umeshika dele na wa pili umeshika vikombe. Gundi ilikuwa imechuruzika, na kanzu yake ilikuwa imekwenda upande.

Sisi waamuzi tulimpa bwana wa ofisini alama nyingi kuliko muuza kahawa kwa sababu ya unadhifu. Kisha tuzo tukaipeleka kwenye meza nyingine kabisa, kwa kinyago cha mti, kwa hoja kwamba mti hudumu. Jioni meza zilipoondolewa, visanamu vile viwili vilifagiliwa pamoja na taka, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikitazama. Simlaumu mfagiaji. Alifagia kile alichoonyeshwa kuwa ni taka, na walioonyesha tulikuwa sisi.

Pambo Humfanya Mtu

Kabla ya kuvirudia visanamu vile, yafaa tutazame mahali pa pambo katika sanaa ya sanamu. Wako wanaodhani kwamba sanamu yenyewe ndiyo kazi, na kwamba mapambo ni nyongeza tu, kama chumvi mezani. Mila zetu hazisemi hivyo.

Miongoni mwa Wazaramo na majirani zao kuna kisanamu kiitwacho mwana hiti. Kilichongwa kwa mti, na pengine kilitengenezwa kwa kibuyu au gunzi la mhindi, na mwali alikabidhiwa wakati wa kuwekwa ndani ili akitunze kama mama atunzavyo mtoto. Aghalabu mwana hiti hana mikono wala miguu. Kiwiliwili chake ni mche tu, na juu ya mche huo kimekaa kichwa chenye nywele zilizochongwa kwa namna ya mashungi. Lakini mche huo ukizungushiwa shanga, mtazamaji hana shaka kwamba mbele yake yupo mtu, tena mtu wa jamii fulani na wa umri fulani. Viungo vya mwili vingeweza kukosekana. Nywele na shanga hazikukosekana. Twajifunza hapa kwamba mwili hutuambia kuwa hiki ni kiumbe, bali pambo hutuambia ni nani.

Karatasi nayo si ngeni katika kazi ya kupamba. Ni kweli kwamba katika mwambao wetu kwa karne nyingi karatasi ilithaminiwa hasa kwa kubeba maandishi. Ilibeba barua, hati na tenzi. Mswada wa Utendi wa Tambuka, wenye tarehe ya mwaka 1728, ni ushahidi mmoja. Lakini katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na wa mwambao walivaa pia, katika matundu ya ndewe za masikio yao, misokoto ya karatasi za rangi iliyokazwa hata ikawa kama visahani vidogo. Ukanda wa karatasi ulisokotwa, ukawa pambo la mtu mzima, la kuonwa na watu. Basi mtoto asokotaye ukanda wa karatasi ili autie masikioni mwa mwanasesere wake hafanyi jambo la ajabu. Afanya kwa kipimo kidogo kazi ambayo mikono ya mwambao iliijua.

Kazi ya karatasi darasani ina historia nyingine, nayo tusiisahau. Mwalimu Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaibuni kwa jina la bustani ya watoto. Aliweka kukunja, kukata na kusuka karatasi miongoni mwa shughuli za mtoto, akiamini kwamba mkono ukifanya kazi akili huamka. Mbinu hizo zilienea ulimwenguni pamoja na mafunzo ya ualimu. Lakini mara nyingi kilichosafiri ni kielelezo, na fikra ikabaki nyuma. Mwanafunzi alipewa mchoro uliokwisha kupimwa na mtu mwingine, akaambiwa akate juu ya mstari. Aliyekata vizuri alisifiwa. Hakuna aliyemwuliza ameona nini.

Hizi ndizo mila mbili zinazokutana katika pambo la karatasi la leo: moja yasema kwamba pambo humtambulisha mtu, na nyingine yasema kwamba pambo ni zoezi la unadhifu. Waamuzi tuliifuata ya pili bila hata kujua kuwa tumechagua.

Kipimo

Kigezo cha kwanza cha sanaa hii ni kipimo. Tuchukue kisanamu chenye kimo cha sentimita 15, kinachomwakilisha mtu wa kimo cha sentimita 165. Uwiano wake ni 1 kwa 11, na kila kitu apewacho hakina budi kugawanywa kwa 11. Kichwa chenye mzingo wa sentimita 55 kitahitaji kofia yenye mzingo wa sentimita 5. Kikombe cha kahawa chenye kimo cha sentimita 5 hivi kitakuwa na kimo kisichofika milimita 5. Kanga yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110 itakuwa kipande cha sentimita 13 na nusu kwa sentimita 10.

Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini mara moja yatufikisha kwenye ugumu wa sanaa. Kila kitu hupungua isipokuwa malighafi. Karatasi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita haipungui. Ikivaliwa na kisanamu chetu, huwa kana kwamba mtu amevaa vazi lenye unene wa zaidi ya milimita moja, yaani unene wa ngozi ya kiatu. Ndiyo maana kanzu nyingi za karatasi husimama kama gome la mti. Fundi mwenye akili hutafuta karatasi nyembamba kama shashi kwa mavazi, na karatasi nene kwa kofia, sanduku na kiatu. Tena huikunjakunja na kuifikicha karatasi kabla ya kuishona au kuibandika, ili nyuzi zake zilegee.

Kadhalika fundi hujifunza kwamba karatasi ina mwelekeo. Nyuzi za karatasi ya kiwandani hulala zaidi upande mmoja; ikikunjwa kufuata nyuzi hutii, ikikunjwa kuzikata huvunjika na kuacha ukingo wenye manyoya. Jaribio lake ni rahisi: lowesha kidogo upande mmoja wa kipande cha karatasi, nacho kitajikunja kama bomba. Bomba hilo hulala sambamba na nyuzi. Mwanafunzi ajuaye hili hatalaumu mkasi wake bure.

Lakini kipimo si kugawanya tu. Turudie ile kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Tukigawanya jina kwa 11, herufi zake zitakuwa ndogo hata zisisomeke. Mwanafunzi afanye nini? Akiziandika herufi kubwa ili zisomeke, kisanamu chake kitaonekana kama mtoto aliyezungushiwa kanga ya mamaye. Akiliacha jina kabisa, amefanya kitambaa chenye maua, si kanga. Njia ya tatu ni kuweka mstari mwembamba wenye vijino mahali pake jina likaapo, chini ya mji na juu ya pindo. Hakuna atakayeusoma, lakini kila ajuaye kanga atajua kwamba hapo pana maneno. Kufanya kitu kidogo, basi, ni kuchagua. Fundi hujiuliza kuna nini katika kitu hiki ambacho kikiondoka, kitu chenyewe kitakuwa kimeondoka. Swali hilo ni la sanaa yote, na hapa kijana hukutana nalo akiwa na mkasi mkononi.

Jambo moja zaidi kuhusu kipimo. Visanamu vya wanafunzi mara nyingi huwa na vichwa vikubwa kuliko ilivyo kwa binadamu. Hilo si kosa; sanamu nyingi za Afrika hukipa kichwa ukubwa wa heshima. Lakini hapo uwiano mmoja hautoshi tena. Kofia hufuata kichwa, jembe hufuata kiganja, na mzigo hufuata mgongo. Asiyeliona hilo atakata vifaa vyote kwa rula moja, kisha atashangaa kwa nini mkulima wake ameshika kijiko.

Pambo Lisemalo na Pambo Lililo Bubu

Sasa turejee kwenye meza iliyokuwa karibu na dirisha.

Bwana wa ofisini alikuwa amekatwa kwa uangalifu mkubwa. Kola ya koti ilikuwa na pembe kamili, na miwani ilikuwa ya nyuzi za karatasi zilizosokotwa kwa ustadi ambao si haki kuukana. Lakini ukimtazama kwa muda, hukupata lolote la kuuliza. Mkoba ulining'inia mkononi mwake, nayo mabega yake yalikuwa sawasawa. Mkoba ule haukuwa na kitu ndani, na wala hatukuambiwa kuwa ni mtupu. Haukuwa na uzito kwa sababu aliyeutengeneza hakuufikiria uzito. Miwani ilikaa machoni, lakini macho hayakuelekea popote. Kila pambo lilikuwapo, na hakuna hata moja lililokuwa na kazi.

Sisemi kwamba kosa lake ni kuvaa koti na tai. Wananchi wavaao koti na tai ni wengi, nao wana haki ya kuumbwa sanamu kama mtu mwingine yeyote. Kama mwanafunzi angemtazama karani mmoja tu asubuhi ya mvua, pengine angemkunjia suruali juu ya vifundo ili isiguse matope, au angemtia gazeti juu ya kichwa. Kipande kimoja cha namna hiyo kingetosha kumtoa bwana yule katika kurasa za kielelezo na kumleta barabarani kwetu. Upungufu wa kazi ile ulikuwa kukosa kutazama, na wala si ugeni wa vazi.

Muuza kahawa alikuwa na kasoro zake, nazo nazitaja ili nisiwe wakili wa upande mmoja. Kofia ilikuwa kubwa; mtengenezaji aliipima kwa kiwiliwili, hakuipima kwa kichwa. Gundi ya uji wa unga iliwekwa nzito mno, ikaacha madoa. Seredani haikuwapo, hata mtu angeweza kuuliza moto wa kuipasha kahawa ile uko wapi.

Lakini tuangalie alichokifanya. Dele lilikuwa la udongo lililofunikwa kwa karatasi ya kung'aa itokayo ndani ya pakiti ya sigara. Kuzunguka mpini wake palikuwa na kipande kidogo cha karatasi iliyofikichwa, kisichofika ukubwa wa punje ya hindi. Ni kitambaa cha kushikia. Kitambaa kile kilisema kwamba dele lina moto, na kwa kusema hivyo kiliijaza kahawa ndani yake. Bega la upande wa dele lilikuwa limeshuka, na kwa hiyo chombo kilikuwa na uzito. Katika mkono wa pili vilikuwamo vikombe vitano vya ukanda wa karatasi uliosokotwa. Vinne vilikuwa vimekaa kimoja ndani ya kingine. Cha juu kilikuwa kimeinuliwa kidogo, kimeachwa na upenyo kama wa unene wa sindano. Kila aliyewahi kukaa barazani jioni anajua upenyo ule maana yake nini. Muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake ili watu wajue kuwa amefika. Vikombe vile vilikuwa karibu kulia.

Joto, uzito na mlio ni vitu visivyoonekana, nasi tulionyeshwa vyote vitatu kwa karatasi isiyozidi ukubwa wa kiganja. Hiki ndicho kigezo cha pili, nacho nakiweka juu ya kile cha kwanza: pambo jema ni lile linaloonyesha kisichoonekana. Pambo linaloonyesha umbo lake tu limefanya nusu ya kazi, hata likikatwa kwa unyofu gani.

Hoja ya Kudumu

Yabaki ile hoja iliyotupatia mshindi: kwamba mti hudumu, na karatasi haidumu. Ni hoja yenye nguvu. Taifa lahitaji kumbukumbu, na kitu kioza hakikumbukwi kwa urahisi. Lakini kabla ya kuikubali, tuwatazame wenzetu wa nchi nyingine walioikabidhi karatasi kazi nzito, tuone kama waliiona dhaifu.

Huko Japani, katika enzi ya Edo, wasichana walijitengenezea wanasesere waitwao anesama, ambao nywele na mavazi yao vilikuwa vya karatasi. Wengi wao hawakutiwa macho wala mdomo. Mtindo wa nywele na mkunjo wa vazi vilitosha kumtambulisha mwanamke aliyekusudiwa. Wanasesere wale walikuwa vitu vya mchezo, vya kuchakaa. Kilichodumu ni ujuzi uliopita kutoka mkono hadi mkono, hata leo wako mafundi wanaowatengeneza.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mada yetu. Katika mji wa La Paz nchini Bolivia, kila tarehe 24 Januari huanza tamasha liitwalo Alasita. Watu hununua vitu vidogo vidogo vinavyowakilisha mahitaji yao ya mwaka, na wengi humtwika mzigo wa vitu hivyo kisanamu kiitwacho Ekeko, bwana mnene mwenye masharubu, aliyenyosha mikono kupokea. Miongoni mwa mizigo yake imo mingi ya karatasi: noti ndogo, hati ndogo za nyumba, pasipoti ndogo, na vyeti vidogo vya chuo kikuu. Magazeti ya mji nayo huchapa matoleo madogo kwa ajili ya siku hizo. Cheti kile kidogo cha karatasi humwonyesha mzazi anayetaka mtoto wake asome. Noti ile humwonyesha mwenye deni. Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliziingiza desturi za Alasita za La Paz katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Haikuonekana kuwa ni kikwazo kwamba noti zile zachanika. Kilichohesabiwa ni desturi, yaani watu na wanayoyafanya kwa pamoja.

Nasi tunao mfano wetu wa malighafi isiyotukuzwa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya vipande vya mbao za kujengea, kwa rangi zilizokuwa za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake umekuwa jina la nchi hii mbele ya macho ya dunia. Kama waamuzi wa siku zile wangeulizwa habari ya malighafi peke yake, sijui wangesema nini juu ya rangi ya baiskeli.

Tukubali pia jambo lenye uchungu kidogo. Tunaposema kwamba sanaa fulani hudumu, mara nyingine twamaanisha kwamba huuzika, kwamba mgeni aweza kuitia sandukuni na kusafiri nayo bila ya kuvunjika. Hakuna ubaya wa kuuza. Wachongaji wetu wana familia, na kazi yao ni tukufu. Ubaya ni kukifanya kipimo cha sanduku la mgeni kuwa kipimo cha utamaduni. Mwalimu Nyerere alipotangaza mbele ya Bunge, tarehe 10 Desemba 1962, kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alikusudia kuturudishia fahari ya mambo yetu, huku akionya pia dhidi ya kukataa kujifunza kwa wengine. Fahari ya namna hiyo haiwezi kukaa katika vile tu vinavyonunuliwa. Hukaa pia katika vile tufanyavyo bila kutazamwa na mnunuzi.

Jibu kwa Wenye Shaka

Mwalimu mmoja aweza kusema: tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, tumefundishwa kwamba kazi ya shule iwe na manufaa. Kofia ya karatasi ya kisanamu ina manufaa gani? Haimkingi mtu jua.

Ningeweza kumjibu kwamba kazi hii hufundisha uwiano, vipimo na utulivu wa mkono, na kwamba hutumia vitu vilivyokwisha kutupwa. Hayo yote ni kweli. Lakini sitaki kuitetea sanaa kwa kuiazimia kanzu ya hisabati. Manufaa yake makubwa ni mengine. Kijana aliyekaa akahesabu vikombe vya muuza kahawa, akaona jinsi bega lake linavyoshuka na jinsi anavyokinga kiganja chake na joto, hawezi tena kumpita mtu yule kana kwamba ni nguzo ya taa. Ameijua kazi yake. Taifa lisemalo kwamba laheshimu kazi lahitaji vijana wanaozijua kazi za watu kwa kiasi hicho, na ujuzi huo haupatikani kwa kukata juu ya mstari uliochorwa na mwingine.

Kwa hiyo nawapendekezea walimu mambo matatu. La kwanza, kielelezo kije mwisho, kutazama kuje kwanza. Wanafunzi wapelekwe sokoni, kituo cha basi, pwani au shambani wakiwa na kalamu, na kila mmoja amchague mtu mmoja na kuuliza vitu alivyobeba ni vya nini. La pili, tunapotoa alama tuulize maswali haya kwa mpango huu: pambo hili laonyesha nini kisichoonekana? Je, linakubaliana na mwili uliolibeba? Kipimo chake ni sawa? Karatasi imetumiwa kwa tabia yake? Unadhifu uulizwe baada ya hayo. La tatu, kazi isitupwe kabla ya kuandikwa. Mwanafunzi aichore, aipime, na aeleze kwa maandishi alivyoikunja na kwa nini. Karatasi ihifadhiwe katika sanduku lenye kifuniko mahali pakavu, maana gundi ya unga huita mende na unyevu huita ukungu. Sanduku likishindwa, maandishi yatabaki, na mwanafunzi wa mwaka ujao ataweza kuanzia pale mwenzake alipoachia.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba pambo dogo la karatasi lina vigezo vyake, kama ulivyo nao ushairi au uchongaji, na kwamba udhaifu wa karatasi si sababu ya kuitoa kazi hiyo katika hesabu ya utamaduni wetu. Si kila kofia ya karatasi ni sanaa. Nyingi ni zoezi tu, na baadhi si zoezi jema. Lakini hatuwezi kuzitofautisha ikiwa hatuzitazami.

Simjui kijana aliyemtengeneza muuza kahawa. Karatasi ya majina tuliyopewa ilikuwa na namba tu, na namba yenyewe nimeisahau. Vikombe vyake vitano sijavisahau, wala kile kitambaa cha kushikia dele. Kama amekuwa mwalimu, na huenda makala haya yakamfikia, ajue kwamba alama alizopewa siku ile hazikuwa sahihi, na kwamba mmoja wa waliozitoa amezirekebisha hapa.